Tanga Ambalo Halijaanuliwa: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Australia

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu, kwa Mheshimiwa Waziri wa Masuala ya Maveterani, na kwa Baraza la Jumba la Kumbukumbu ya Vita, Canberra.

Waheshimiwa,

Nawasalimu. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, tena kwa kusudi. Tangu nifike nchini kwenu nimejaza fomu nyingi kuliko vyungu vya maharage nilivyopika, na karibu kila fomu iliniuliza kama nahitaji mkalimani. Safari hii mtakaomtafuta mkalimani ni nyinyi. Hamtahangaika sana. Wacongo, Warundi, Wakenya na Watanzania tupo kuanzia Perth hadi Brisbane, na mkipiga simu kanisa moja tu mtapewa kumi.

Lakini pia nilitaka wenzangu waisome kabla yenu. Wengi wetu tunafanya kazi moja: tunawaogesha, tunawalisha na kuwageuza kitandani wazee wa nchi hii. Saa nane ya usiku mzee haongei kama anavyoongea na daktari, wala kama anavyoongea na mwanawe. Anaongea na yule aliyeshika beseni. Kwa hiyo tunayajua mambo ambayo nyinyi mmeunda tume kuyatafuta.

Mimi ni mzaliwa wa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Congo. Mwaka 1996 tulivuka ziwa na vita mgongoni, tukaingia Kigoma, na nikakulia kambini Nyarugusu. Kiswahili changu kilinyookea huko. Siku hizi ni msaidizi katika nyumba ya wazee, kwenye mji mdogo wa ngano na kondoo. Mji sitautaja, na wazee sitawataja, maana hawakunituma.

Chumba cha mwisho, upande wa bustani, kuna mzee ninayemwita Babu. Siku ya kwanza aliniuliza maana yake. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, haya, endelea. Mwaka ule ule siku yake ya kuzaliwa ikafika. Jikoni wakaoka keki, nikaiweka kwenye kitoroli na mishumaa miwili ya namba, nikaisukuma hadi mlangoni kwake nikiimba kwa sauti yangu hii mbaya. Akaitazama. Akasema kwa upole kabisa, itoe.

Nikadhani hapendi krimu. Kesho yake nilipokuwa namkata kucha ndipo akanieleza.

Machi 1965 serikali yenu ilianza kuchagua vijana wa miaka 20 wa kwenda jeshini kwa bahati nasibu. Gololi za mbao zilitiwa kwenye pipa la kuzungushwa, kila gololi na namba yake, kila namba na tarehe yake ya kuzaliwa. Gololi ikitoka, waliozaliwa tarehe hiyo wanaitwa kupimwa afya. Hadi mwaka 1972 vijana zaidi ya 63,000 walikuwa wameingizwa jeshini kwa njia hiyo. Zaidi ya 15,000 kati yao walipelekwa Vietnam, na 200 hivi wakafia huko. Siku gololi ya Babu ilipotoka, yeye hakuwa hata na umri wa kupiga kura. Umri huo ulikuwa 21, na haukushushwa hadi 18 ila mwaka 1973, vita vyenyewe vikiwa vimekwisha kwenu.

“Tarehe ile mama alinipa,” aliniambia, “wao wakaichukua. Sasa ikija sijui nifurahie nini.”

Nimesoma vitabu vyenu vya historia, vile ambavyo mtoto wangu huleta kutoka shule. Vinasema pipa lile lilileta maandamano makubwa, kwamba Mei 1970 mji wa Melbourne ulijaa watu barabarani, makumi ya maelfu. Vinasema askari waliporudi hawakupokewa vizuri, na kwamba gwaride la kuwakaribisha nyumbani lilifanyika Sydney tarehe 3 Oktoba 1987, miaka kumi na minne na zaidi baada ya wa mwisho kuondoka vitani. Yote hayo ni kweli. Ila kitabu hakina keki.

Wala hakina uzio. Binti yake huja Jumapili, mama wa makamo, na siku moja tulipokuwa tunakunja nguo za mzee alinisimulia kwamba walipokuwa watoto, baba yao kila Agosti alipaka rangi uzio wa nyumba. Usiku. Rangi ile ile nyeupe, juu ya ile ya mwaka jana, taa ya karabai ikining'inia kwenye msumari. Watoto waliamka asubuhi wakakuta uzio unanukia, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza. Mama yao alilala chumba kingine kwa miaka mingi. Walipouza nyumba ile, fundi aliyekuja kubomoa uzio alishangaa: rangi ilikuwa nene kama ganda la mkate. Tarehe 18 Agosti 1966 ndiyo siku ya mapigano ya Long Tan, Waaustralia 18 walikufa. Kama Babu alikuwepo sijui. Sijamuuliza.

Sasa niwaambie ninachokitaka, na nitaanza mbali kidogo, kwetu.

Kwetu mtu akifa, tanga huwekwa. Watu hulala chini kwenye mikeka, majirani hupika nje, wanawake hawajipambi, na nyumba inakuwa nyumba ya msiba. Kisha inafika siku tanga linaanuliwa. Mzee mmoja husimama na kuuliza mbele ya watu wote: marehemu alikuwa na deni na nani? Na nani alikuwa na deni na marehemu? Wenye madeni hujitokeza, nguo za marehemu hugawiwa, watu huoga, mikeka hukunjwa. Msiba haujatoka moyoni, la, lakini nyumba imefunguliwa. Na ambako tanga halikuanuliwa, hata mtoto aliyezaliwa baadaye anazaliwa msibani.

Nyinyi mmeweka tanga tangu mwaka 1915, vijana wenu walipotua Gallipoli, Uturuki, Waheshimiwa. Hamjalianua.

Mwaka 1914 watu wenu hawakufika hata milioni 5. Kati yao zaidi ya 416,000 walijiandikisha kwenda vita vya kwanza vya dunia, tena kwa hiari, kwa sababu wananchi waliulizwa mara mbili kwa kura, 1916 na 1917, kama watu walazimishwe, na mara zote mbili wakasema hapana. (Kura zile nazo ziliwagawa. Wakatoliki na Waprotestanti wa miji kama huu wetu walinuniana kwa kizazi kizima, na hadi leo kuna bibi mmoja hapa anayejua ni duka la nani mama yake alikataa kuingia.) Zaidi ya 60,000 hawakurudi. Na ninaposema hawakurudi sisemi kwa adabu ya kukwepa neno kufa. Miili yenyewe haikurudi. Utaratibu wa Waingereza na dola yao ulikuwa kwamba askari azikwe karibu na alipoangukia, awe mtoto wa bwana au wa mchunga kondoo. Kati ya wote waliofia Gallipoli na Ufaransa na Palestina, ni jenerali mmoja tu, William Bridges, aliyerudishwa kuzikwa kwao, mwaka 1915. Wa pili alirudishwa mwaka 1993, naye hana jina: ni yule askari asiyejulikana aliyelazwa katika jumba lenu Canberra.

Hapo ndipo nilipoelewa sanamu ya mji wetu. Nilipofika nilidhani ni ya mtu fulani mkubwa, maana iko katikati ya njia panda, mahali ambapo kwetu pangekuwa na soko. Ni askari tu wa mawe, kichwa kimeinama, bunduki mdomo chini, na miguuni majina. Ukoo mmoja umeandikwa mara tatu. Mji ambao hata leo hauna shule ya sekondari una majina 41. Ile si sanamu, ni kaburi. Mama wa watoto watatu wale alikuwa anakuja pale na maua, kwa sababu Ufaransa ilikuwa ni wiki nyingi za meli na nauli asiyokuwa nayo.

Mwanangu wa pili hupiga tarumbeta katika bendi ya shule. Mwaka huu, alfajiri ya tarehe 25 Aprili, siku yenu ya kuwakumbuka askari, ndiye aliyepiga wimbo wa kuwaaga wafu mbele ya sanamu ile. Baridi kali, watu wamejifunika mablanketi, midomo ya mtoto imekauka, noti moja ikamponyoka. Hakuna aliyecheka. Baadaye kwenye kifungua kinywa mzee mmoja alimwambia kwamba miaka yote aliyoisikia, noti ile humponyoka kila mtu. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, “Mama, sasa hawa nani aliwaosha?”

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma habari za mwanamke mmoja, Vera Deakin, binti wa aliyekuwa Waziri Mkuu wenu. Mwaka 1915 alikwenda Cairo akafungua ofisi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta waliojeruhiwa na waliopotea. Kazi yake ilikuwa kuwauliza askari waliolazwa hospitalini: ulimwona fulani mara ya mwisho wapi? Alikuwa amelalaje? Kuna aliyemfunika? Kisha ofisi ikaandika barua kwa mama. Maelfu kwa maelfu ya barua. Nilipolisoma hilo niliacha kuwaona Waaustralia kama watu wasiolia. Walikuwa wanatafuta kitu kile kile mwanangu alichokiuliza.

Na wameendelea kutafuta. Huko Fromelles, Ufaransa, usiku mmoja wa Julai 1916 Waaustralia 5,533 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Usiku mmoja. Wengine walizikwa na Wajerumani kwenye mashimo kando ya msitu, na mashimo yale hayakupatikana hadi mwaka 2008. Ilitolewa miili 250, jamaa wakatoa mate yao ipimwe vinasaba, na mwaka 2010 wakazikwa upya mmoja mmoja. Mjukuu wa ndugu amekaa kwenye kiti makaburini analia kwa mtu aliyekufa miaka arobaini kabla yeye hajazaliwa. Kadhalika meli ya Montevideo Maru, iliyozamishwa tarehe 1 Julai 1942 na nyambizi ya Marekani ambayo haikujua kwamba ndani yake kuna mateka: Waaustralia karibu 1,000 waliochukuliwa Rabaul. Mabaki yake yamepatikana Aprili 2023, zaidi ya mita 4,000 chini ya bahari. Miaka karibu themanini na moja. Wengine walikuwa bado wanasubiri, watoto waliokuwa wachanga baba alipoondoka, sasa wenyewe wako kwenye nyumba kama hii ninayofanya kazi.

Nina Bibi wa namna hiyo, ingawa baba yake yeye alirudi. Alitekwa Singapore ilipoanguka Februari 1942, akapelekwa kujenga reli ya Burma na Thailand. Wajapani waliwateka Waaustralia zaidi ya 22,000, na zaidi ya 8,000 walifia mikononi mwao, yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu. Kwenye reli ile peke yake karibu 2,800. Baba yake Bibi alirudi mwaka 1945 akiwa mwembamba kiasi kwamba mtoto alimkimbia. Nasi hatukujua hayo yote siku nilipoleta chakula.

Ilikuwa siku ya kuonja vyakula vya wafanyakazi. Mfilipino alileta vyake, Mhindi vyake, mimi nikaleta wali wa nazi na sombe, na migebuka mikavu niliyoletewa na shemeji kutoka Melbourne, iliyonusa hadi ofisini. Bibi akala wali. Kijiko cha kwanza, cha pili, akasimama. Akaanza kulia bila sauti, machozi yakadondoka kwenye sahani. Nikaogopa nazi imemdhuru. Akasema nyumbani kwao wali haukuwahi kupikwa. Punje haikuingia ndani ya nyumba ile. Baba aliwahi kutoka mezani kwa watu, kwenye harusi, kwa sababu ya pudini ya mchele, akasimama nje kwenye mvua mpaka watu walipomaliza. Lakini mkate ulioota ukungu hakuruhusu utupwe. Aliukata ukungu akaula mwenyewe. Bibi alionja wali kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40, wiki moja baada ya kumzika baba yake, na alijifungia jikoni kama mwizi.

Sasa anauomba kila Alhamisi. Mpishi amekubali. Nazi hajui kuikaza, lakini amekubali.

Waheshimiwa, Bibi huyu ameandikwa wapi? Baba yake ana faili, nambari na nishani. Yeye aliyekua katika nyumba ambayo kipande cha mkate kilikuwa kesi, ameandikwa wapi? Na binti wa Babu na uzio wake?

Nilikwenda Canberra mara moja, na basi la kanisa. Nilikwenda kwenye jumba lenu, nikatembea kwenye ule ukumbi wa shaba wenye majina takriban 103,000, watu wamechomeka maua mekundu kwenye mianya mpaka ukuta unaonekana kama unatoa damu. Nawapongeza. Sijaona mahali pengine ambapo mwana wa mkulima na mwana wa waziri wameandikwa herufi sawa, bila vyeo. Lakini niliuliza mhudumu swali la kijinga: wanaokufa baadaye je? Akanieleza kwa heshima kwamba orodha ina tarehe. Ya vita vya kwanza inaishia 31 Machi 1921. Ya vita vya pili, 30 Juni 1947. Aliyemaliza pumzi za mapafu yaliyounguzwa na gesi mwezi mmoja baada ya hapo, ukuta haumjui. Mwanamume aliyejinyonga ghalani mwaka 1931, shamba alilopewa kama askari aliyerudi limekauka na mkopo umemkaba, ukuta haumjui. Na hao hawakuwa wachache: mashamba yale ya askari yalipewa maelfu, wengi yakawashinda, mengine yalikuwa madogo mno kulisha hata mbuzi.

Najua kwamba suala hili hamkulilalia. Mwaka 2021 mliunda Tume ya Kifalme kuchunguza kujiua kwa wanajeshi na maveterani, na Septemba 2024 ikatoa taarifa yake ya mwisho yenye mapendekezo 122. Tume ilisema kwamba kati ya 1997 na 2021 waliojiua ni 1,677 kwa uchache, zaidi ya mara 20 ya waliouawa kazini vitani katika kipindi hicho. Nimelisoma hilo nikiwa kwenye kituo cha basi, nikalisoma tena. Nchi yenu ilipeleka watu Iraq na Afghanistan, wakafa makumi. Na huku nyumbani, kwenye amani, kwenye majani yaliyokatwa vizuri, wakajiua zaidi ya elfu moja na mia sita.

Jumba nalo limeweka bustanini matone makubwa ya marumaru, kazi ya mchongaji Alex Seton, kwa ajili ya wale walioumizwa na vita hata baada ya vita. Ni mazuri, wanasema ukiyagusa yana baridi. Mniwie radhi, lakini hata hapo mmetoa jiwe. Mwaka 2018 mlitangaza karibu dola milioni 500 za kupanua jumba. Mwaka huo huo mlifungua kituo cha Monash kule Villers-Bretonneux, Ufaransa, kwa dola karibu milioni 100. Na Agosti 2022 tume hiyo hiyo, katika taarifa yake ya awali, ikasema kuna madai zaidi ya 41,000 ya maveterani ambayo yamelala bila kushughulikiwa. Tangu hapo mmeajiri watu, na mmepitisha sheria ya kuweka chini ya mwavuli mmoja yale yaliyokuwa chini ya sheria tatu, kuanzia Julai 2026. Vizuri. Ila jiwe halikuwahi kujaza fomu wala kusubiri zamu.

Kuna wengine ambao hawakuwekwa hata kwenye mkeka wa msiba. Mnaujua ukoo wa Lovett, Wagunditjmara, watu wa asili wa Lake Condah, Victoria. Ndugu watano walikwenda vita vya kwanza, wakarudi wote watano, na baadhi yao wakajiandikisha tena vita vya pili, wakati sheria yenyewe ilikuwa haiwataki watu weusi. Herbert Lovett alipoomba shamba la askari kwenye ardhi ya kwao alinyimwa, na ardhi ile ikagawiwa askari wazungu. Baadaye sana jengo refu kule Woden, Canberra, zilikowahi kuwa ofisi za maveterani, likapewa jina la ukoo huo. Jina kwenye jengo, waheshimiwa, na shamba kwa mwingine.

Na vita havikuhamia nyumba za askari peke yake. Mwaka 1928 kule Coniston, katikati ya nchi, Konstebo George Murray aliongoza misafara iliyowaua Wawarlpiri na majirani zao, watu wa asili wa huko. Taarifa rasmi ilihesabu 31, wenyewe wanasema ni wengi zaidi. Murray alikuwa amepigana Gallipoli. Kila ninapomkumbuka najiuliza ni kipi alichotoka nacho kule. Mwaka 2022 baraza la jumba lilisema litapanua maonyesho ya vita hivyo vya kunyang'anya ardhi. Basi lisiwe kabati moja karibu na mlango wa choo.

Niliwaza pia Wapapua waliobeba majeruhi wenu kwenye matope ya njia ya Kokoda, kule kwao Papua, mwaka 1942, kwa sababu sisi wapagazi tunawajua. Dar es Salaam kuna mtaa mzima na soko liitwalo Kariakoo, jina lililotoka kwenye kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita vya kwanza, watu waliokufa kwa kuhara na njaa na kubeba, na hawana ukuta wa shaba. Na msidhani mlikuwa mbali: mwaka 1915 meli yenu ya kivita, Pioneer, ilikuwa miongoni mwa zilizoziba mdomo wa Rufiji ili Königsberg ya Wajerumani isitoke. Kwa hiyo deni hili nalo lina upande wa kwetu, ingawa leo sikuja kulidai.

Ninalodai ni hili. Huduma ya ushauri mnayo, Open Arms, iliyoanza mwaka 1982 kwa sababu wanaume wa Vietnam waliipigania wenyewe, na inapokea wake na watoto pia. Utafiti wa serikali yenu uliotoka mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wa waliopigana Vietnam walijiua kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wenzao. Mnalijua hilo kwa robo karne. Lakini binti wa Babu, mwenye miaka zaidi ya hamsini, alijua kwamba na yeye anaweza kupiga simu ile siku aliposoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa choo chetu cha wageni. Alitoka chooni ananiuliza kama ni kweli. Msisubiri mtu asome mlango wa choo. Kila mzee mwenye kadi yenu ya veterani ana watu waliokua ndani ya nyumba ile. Waandikieni. Mtumeni mtu, mwenye gari, aje huku kwenye ngano, akae jikoni, anywe chai, asiwe na haraka. Vera Deakin aliweza kwa kalamu na wino kutoka Cairo.

Na pale ukutani wekeni kitabu. Sisemi mbomoe shaba. Kitabu tu, juu ya meza, kisichokuwa na tarehe ya mwisho, ambamo familia ikitaka itaandika: huyu alirudi mwaka fulani, akafa mwaka fulani, na kilichomuua ni kile kile. Wasiotaka wasiandike. Na mpeni ukurasa pia aliyeletwa na vita vya kwao. Nchi hii imejaa sisi. Baada ya 1945 mlipokea zaidi ya Wazungu 170,000 waliokosa kwao, wengine wakaenda kuchimba mahandaki ya umeme kwenye milima ya Snowy. Baada ya 1975 wakaja Wavietinamu, na sasa katika zamu moja ya usiku unamkuta Mvietinamu anamfunika blanketi mtu aliyepigana kwao. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Hakuna aliyesema neno, walikuwa wanatafuta rimoti ya televisheni.

Tarehe 25 Aprili ijayo mtatoa hotuba alfajiri. Badala ya hotuba, mmoja wenu asimame kama yule mzee wetu wa tanga, aulize nani anamdai marehemu. Kisha anyamaze, watu wajibu, hata kama jua litachomoza.

Babu bado hataki keki tarehe yake. Mwaka jana nikamwambia basi achague nyingine. Alifikiri wiki nzima, nikajua amekasirika. Kisha akasema 5 Desemba. Ndiyo siku ambayo mwaka 1972 serikali mpya ya Whitlam, siku tatu tu baada ya uchaguzi, ilisimamisha uandikishaji wa lazima. Mdogo wake alikuwa ameshaitwa, mfuko umefungwa, anangoja tarehe ya kuripoti. Hakwenda. Alikuwa fundi wa matrekta mpaka akastaafu, na ndiye atakayekuja kukata keki.

Nanyi mnakaribishwa. Itakuwa saa kumi jioni, baada ya zamu yangu ya asubuhi. Njooni bila wapiga picha, na mpitie mlango wa nyuma karibu na jiko, kengele ya mbele imekufa tangu Pasaka. Keki haina krimu.

Wenu,
Msaidizi wa wazee, mama wa mpiga tarumbeta